Kokoa yetu ikifika mezani kwa mwanagenzi

Hotuba iliyotolewa na mgeni mwalikwa katika harambee ya mwaka ya Chama, Dar es Salaam

 

Mwenyekiti aliponipigia simu alisema nije niwaeleze kazi ninayofanya, kwa sababu wengi mmesikia kwamba kuna binti wa Kyela anapika chokoleti Uingereza na mngependa kujua kama ni kweli. Ni kweli, ila neno kupika linanipa cheo nisichokuwa nacho. Mimi ni mwanagenzi, niko mwaka wa tatu. Nimeajiriwa na kiwanda kimoja cha chokoleti kaskazini mwa Uingereza, katika idara ya kubuni na kuendeleza bidhaa. Angalau saa sita za kila wiki ni za masomo, zilizobaki ni za kazi. Mshahara wa mwanagenzi mnaujua, hata huku uko vilevile. Nilikwenda kule nikiwa na miaka 15, nikimfuata mama ambaye ni muuguzi, na nilipomaliza shule nikaomba nafasi hii badala ya kwenda chuo kikuu moja kwa moja. Babu aliuliza kama nimefukuzwa shule. Sasa ameshaelewa.

Mji ninaofanyia kazi unaitwa York. Ni mji wa chokoleti kama Ipinda ilivyo mji wa mchele. Kampuni ya Rowntree ilianza pale mwaka 1862, na chokoleti ile ya vijiti mnayoijua wote, KitKat, ilitoka pale mwaka 1935, ikiitwa jina jingine. Kiwanda changu si hicho, wala sitakitaja, kwa sababu nataka kusema wazi mambo ya kazini.

Idara ya kubuni bidhaa inafanya nini? Watu wa mauzo wanakuja na wazo: tunataka chokoleti yenye chumvi, au yenye maziwa zaidi, au isiyo na maziwa kabisa, na iuzwe kwa bei fulani. Sisi tunaanza mezani na kilo mbili tatu. Mashine yetu ndogo ina mawe mawili yanayozunguka, yanasaga usiku kucha hadi chembe ziwe ndogo kuliko ulimi unavyoweza kuhisi. Hiyo ni kama elfu ishirini ya milimita kugawa kwa milioni moja; kwa lugha rahisi, sehemu 20 kati ya 1,000 za milimita moja. Zikizidi 30, mlaji anasema ina mchanga. Baada ya hapo tunaipoza na kuipasha kwa kipimo, kwa sababu siagi ya kokoa inaweza kuganda kwa namna sita tofauti na ni moja tu inayong'aa na kukatika kwa mlio. Chokoleti nyeusi unaiyeyusha, unaishusha hadi nyuzi 27 au 28, kisha unaipandisha hadi 31 au 32. Ukikosea nyuzi mbili, baada ya wiki inaota weupe juu kama ukungu, na mteja anarudisha. Kazi yangu ya miezi sita ya kwanza ilikuwa hiyo na kuosha vyombo. Wanagenzi wa fundi makanika watanielewa.

Ikipita mezani, inakwenda kwenye mashine ya majaribio, kisha kiwandani usiku ambapo mstari haufanyi kazi nyingine. Halafu inakaa kabatini miezi tuone itaharibika lini. Sitawachosha na hayo.

Ninachotaka kuwaeleza ni chumba cha kuonjea, kwa sababu ndiko kokoa ya Kyela inakohukumiwa.

Chumba kile kina vibanda vidogo kama vya kupigia kura. Taa ni nyekundu ili usione rangi. Kila mwonjaji anapewa maji, biskuti isiyo na ladha, na vikombe vitatu vyenye namba za tarakimu tatu. Viwili ni vya aina moja, kimoja ni tofauti. Anaulizwa swali moja tu: kipi si mwenzao? Hata asipojua, lazima achague. Tukiwa na waonjaji 30, kwa kubahatisha tu kama 10 watapata. Wakifika 15 waliopata, tunaandika kwamba tofauti inaonekana. Wakiwa chini ya hapo, bosi anaanza kutabasamu, na nitawaeleza kwa nini.

(Na kabla hamjaniuliza wakati wa chakula: hapana, hatumezi. Tunatema kwenye kikombe. Ukimeza sampuli 20 kila siku hutafika mwaka wa tatu.)

Mnakumbuka mwaka 2024. Côte d'Ivoire na Ghana, ambako hutoka zaidi ya nusu ya kokoa ya dunia, mavuno yaliharibika. Mvua ilikuja vibaya, maradhi ya kuoza matunda yakashika, na kule Ghana kuna kirusi kinachovimbisha machipukizi ambacho kimemaliza mashamba mengi, juu ya miti ambayo tayari ilikuwa mizee. Tani moja ya kokoa, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa dola 2,000 na ushee hadi 3,000, ikavuka dola 10,000, na Desemba ya mwaka huo ikapita 12,000. Kyela mlishangilia, na mlikuwa na haki ya kushangilia. Bati ziliezekwa. Pikipiki zilinunuliwa. Nilitumiwa picha.

Siku hizo hizo, mimi nilipewa kazi mpya. Karatasi iliyowekwa mezani kwangu ilisema: punguza kokoa kwenye bidhaa hizi, asionje mtu.

Naomba niwape hesabu yake, kwa sababu ni hesabu ya nyumbani. Kilo moja ya kokoa kavu, ukiikaanga na kuimenya, inakupa kama gramu 800 za kokoa tupu. Chokoleti ya maziwa yenye asilimia 25 ya kokoa, baa ya gramu 100 inabeba gramu 25. Kwa hiyo kilo moja ya babu inatosha baa kama 32. Sheria ya Uingereza inaruhusu chokoleti ya maziwa kushuka hadi asilimia 20 ya kokoa, mradi maziwa yawe ya kutosha. Ukishuka hapo, kilo ile ile inatosha baa 40. Kiwanda kimetengeneza baa nane zaidi bila kununua hata punje moja. Halafu sheria inaruhusu pia asilimia 5 ya mafuta mengine badala ya siagi ya kokoa: mawese, shea, hata mafuta ya kokwa za embe.

Na mtu akitaka kushuka chini zaidi ya sheria, anaweza. Ila haruhusiwi tena kuiita chokoleti. Mwaka 2025 biskuti mbili zinazopendwa sana Uingereza, Penguin na Club, ziliacha kuitwa za chokoleti. Sasa zimeandikwa kwamba zina ladha ya chokoleti. Watu walilalamika magazetini siku tatu nne, kisha wakaendelea kunywa chai nazo.

Kwa hiyo nilikaa na mizani, nikapunguza nusu asilimia, nikaongeza maziwa ya unga, nikaongeza vanila kidogo, nikapeleka chumba cha taa nyekundu. Waonjaji 11 wakapata. Chini ya 15. Bosi akatabasamu. Nikapunguza tena. Ndivyo kazi ilivyokwenda karibu mwaka mzima, na siyo kwetu tu. Bei ya dunia imeshashuka sana tangu wakati ule, mnajua ninyi kuliko mimi. Lakini zile fomula tulizozipunguza hazikurudishwa. Kwa nini zirudishwe? Mlaji hakuona. Kiwanda kimejifunza kuishi na kokoa kidogo, na mtu akishajifunza kula mlo mmoja bila kukondoka hamrudishii mama lishe fedha za mlo wa pili.

Sisemi haya ili niwatie hofu. Nayasema kwa sababu nilipokuwa nafanya kazi ile niligundua jambo ambalo ndilo lililonileta hapa leo.

Kuna bidhaa ambazo hatukuweza kuzigusa. Kila tulipopunguza, waonjaji 20, 22, walipata. Zote zilikuwa zile ambazo kokoa yenyewe ndiyo ladha: chokoleti nyeusi za asilimia 70, zinazoandikwa nchi ilikotoka kokoa na wakati mwingine hadi kijiji. Kwenye chokoleti ya maziwa ya bei ya chini, kokoa ni rangi na mafuta, unaweza kuificha. Kwenye zile nyeusi huwezi. Mnunuzi wa kokoa ya aina hiyo hanunui kilo tu, ananunua ladha, na ladha haitoki kwenye mti peke yake. Sehemu kubwa inatengenezwa katika zile siku saba baada ya kuvunja tunda.

Hapa naongea na watu wanaojua kimpumu, kwa hiyo sitahangaika sana kueleza. Punje mbichi imezungukwa na ute mweupe wenye sukari. Ukizirundika, chachu inageuza sukari kuwa kilevi, halafu vijidudu vingine vinageuza kilevi kuwa siki, na rundo linapata joto hadi nyuzi 45, 50. Joto na siki vinaua mbegu, na ndani yake mambo yanaachiana na kuchanganyika. Ndiyo mwanzo wa ladha ya chokoleti. Punje isiyovundikwa, hata ukaangie wapi, haitakuwa na ladha hiyo. Itakuwa chungu na kukaza mdomo tu.

Sisi kule tunajua kwa kisu. Tunachukua punje 300 kutoka kwenye mfuko, tunazikata moja moja kwa urefu, tunazipanga ubaoni. Ya hudhurungi yenye nyufa ndani imevundikwa vizuri. Ya zambarau imevundikwa nusu. Ya kijivu, ngumu kama jibini, haikuvundikwa. Yenye ukungu inahesabiwa peke yake. Kokoa ya daraja zuri haina zaidi ya 5 za kijivu katika kila 100, na haina zaidi ya 5 zenye ukungu na kasoro nyingine. Kazi hii haina mashine ya maana. Ni kisu, ubao na macho.

Siku moja uliletwa mfuko wa sampuli umeandikwa Tanzania. Msimamizi wangu ni mama mmoja wa makamo, mtu wa maneno machache. Aliniambia, huu ni wako, ufungue wewe. Sitamtaja aliyeuleta wala sijui umetoka wilaya gani. Nikaufungua mbele ya wenzangu. Kabla hata sijachukua kisu, harufu ilitoka. Moshi. Kama samaki wa kukaushwa. Punje zilikuwa kubwa na nzuri, na nilipozikata, nyingi zilikuwa zimevundikwa sawasawa. Mtu alifanya kazi yake siku saba, halafu mvua ikanyesha, akazianika juu ya jiko la kuni. Moshi ukiingia kwenye siagi ya kokoa hautoki. Hautoki kwa kukaanga, hautoki kwa kusaga saa 48. Wenzangu walinusa, wakaandika neno moja kwenye fomu, na mfuko ukaondolewa mezani. Hakuna aliyesema neno baya. Ilikuwa Jumanne ya kawaida kwao.

Mimi najua masika ya Kyela. Najua Mbaka na Kiwira zikijaa. Najua turubai moja, yadi ndogo, na wingu linatoka ziwani saa nane mchana. Aliyeweka zile punje juu ya moto alikuwa anaziokoa zisiote ukungu.

Na najua pia njemke. Tunapokaa mijini tunapenda kuwalaumu wakulima kwamba wanauza kokoa mbichi kwa walanguzi, usiku, kwa bei ya kutupa. Viongozi wanapiga marufuku, tunapiga makofi. Tufanye hesabu tena. Kilo 100 mbichi hukupa kilo 35 hadi 40 kavu, baada ya siku saba za kuvundika na siku nyingine saba au zaidi za kuanika kama jua lipo, na ukisha kupeleka ghalani unasubiri mnada na malipo. Mlanguzi anakuja na fedha mkononi. Januari ina ada ya shule. Mjomba wangu anayeuza mbichi si mjinga, anauza siku zake 20 kwa sababu hana kitu kingine cha kuuza. Marufuku haitampa siku hizo. Fedha ya kumvusha ndiyo itakayompa.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo huenda Kamati isilifurahie, na nasema kwa heshima zote. Katika kijitabu cha mwaka jana kulikuwa na mchoro mzuri wa kiwanda cha chokoleti cha Kyela. Jengo jeupe, bendera, lori mlangoni. Najua mchoro ule umechangisha fedha. Nimeulizwa na watu wengi tangu nifike: wewe si ndiwe utakayekuja kukiendesha?

Mimi naomba kiwanda kisubiri.

Siagi ya kokoa inaanza kulainika chini ya nyuzi 30 na inayeyuka karibu na 34. Ndiyo maana chokoleti inayeyuka mdomoni, na ndiyo maana haifai kwa bonde la Kyela mwezi wa Novemba. Tutahitaji chumba cha baridi usiku na mchana, gari la baridi hadi Mbeya na hadi Dar, na duka lenye kiyoyozi. Umeme ukikatika saa nne, mzigo umeota weupe. Tutaagiza maziwa ya unga, tutaagiza karatasi za kufungia. Tutatengeneza chokoleti ghali kuliko ile ya dukani, kwa kutumia kokoa ambayo bado haina sifa yake yenyewe. Nimeona viwanda vidogo vya Uingereza, visivyo na shida hizo, vikifungwa mwaka 2024.

Kama hamu ya kusindika ipo, na mimi ninayo, tuanze na vitu ambavyo joto haliviharibu. Kokoa ya kunywa. Punje zilizokaangwa na kuvunjwa. Kokoa iliyosagwa na kugandishwa vipande, ya kupika uji na chai, ambayo haihitaji kung'aa wala kukatika kwa mlio, kwa hiyo haihitaji zile nyuzi 31. Hivyo vinawezekana Ipinda, Busale, popote penye mashine ya kusaga na mtu msafi. Vitauzwa Mbeya mjini na hapa Dar bila gari la baridi.

Lakini cha kwanza kabisa ni kibanda. Kibanda cha kuvundikia na kukaushia, kinachotumiwa na wakulima kwa pamoja kupitia ushirika wao. Masanduku ya mbao ya ngazi tatu, ili rundo likigeuzwa kila baada ya siku mbili linaanguka lenyewe kutoka la juu kwenda la chini. Rundo la mtu mmoja, ndoo mbili tatu ndani ya majani ya migomba, mara nyingi halipati joto la kutosha; la watu 20 linapata. Vichanja vya kuanikia vilivyoinuliwa kutoka ardhini, vyenye paa la nailoni linalopitisha jua, ili wingu la ziwani likija mtu asikimbilie jikoni. Kipima unyevu, kwa sababu kokoa ikizidi unyevu wa asilimia 8 itaota ukungu melini, na ikishuka sana inavunjika na unapoteza uzito bure. Tunataka 7 au 7 na nusu. Na kisu na ubao.

Hatuhitaji kwenda Uingereza kujifunza haya. Mbingu, kule Kilombero mkoani Morogoro, kampuni ya Kokoa Kamili inanunua kokoa mbichi kwa wakulima, inavundika na kukausha mahali pamoja. Kokoa yao inanunuliwa na watengenezaji wa chokoleti wa Marekani, na Dandelion ya San Francisco wanaliandika jina la Kokoa Kamili juu ya karatasi ya chokoleti yao. Hawakuficha jina, kwa sababu jina ndilo wanaloliuza. Mara ya kwanza nilipoona karatasi ile nilifurahi kama Mtanzania na nikaona wivu kama mtu wa Kyela, na sioni aibu kusema nilivihisi vyote.

Ninachopendekeza ni kwamba sehemu ya fedha za leo zilipie vijana wawili, mvulana na msichana, wakae kama wanagenzi msimu mzima mahali kama pale, au kwa watu wa SUA wanaofundisha sayansi ya chakula, warudi na kuendesha kibanda chetu. Uanagenzi mzuri haufundishwi kwa semina ya siku mbili yenye posho na chupa ya maji. Mimi nilikata punje kwa miezi minne kabla sijaruhusiwa kuandika alama zangu kwenye fomu. Msimamizi alikuwa anakata upya kila bao langu, na tukitofautiana ananiuliza nieleze. Kuna siku nililia chooni. Lakini leo ukinipa punje gizani nitakwambia kwa kidole kama imevundikwa.

Na sehemu nyingine, hii ndiyo ngumu kwa wachangiaji kwa sababu haina mchoro wala jiwe la msingi, iwe mfuko wa kumlipa mkulima kiasi siku anapoleta mbichi kibandani, na kilichobaki baada ya mnada. Bila mfuko huo kibanda kitakuwa kizuri na kitupu, na mlanguzi atapita mbele yake na pikipiki akienda kwa mjomba. Najua mtaniuliza nani atashika fedha hizo, na mko sahihi kuuliza. Ziwe kwenye akaunti ya ushirika, wasaini watatu, na mmoja wao awe mama. Hilo la mwisho ni maoni yangu binafsi na sitaliondoa.

Mzee mmoja aliniuliza jana swali zuri: tukishavundika vizuri, mnunuzi wa mnadani atatulipa zaidi, au itakuwa bei ile ile? Jibu la kweli ni kwamba msimu wa kwanza huenda ikawa ile ile. Mnunuzi hamlipi mtu kwa mzigo mmoja mzuri. Kule kwetu, mfuko ukiwa mzuri mara ya kwanza tunasema vizuri. Ukiwa vilevile mara ya pili tunaomba namba ya simu. Mara ya tatu ndipo mtu wa ununuzi anapanda ndege. Kinachotafutwa ni kokoa ya Machi kufanana na ya Julai, kwa sababu kwenye lebo hatuwezi kubadilisha ladha kila mwezi. Kwa hiyo mkichangia leo, mchangie kwa misimu mitatu, siyo mmoja. Mweka Hazina ana fomu ya ahadi yenye nafasi tatu, nimemwomba aichape hivyo.

Ulaya kuna picha zinazopendwa sana, za mkulima wa Afrika akionja chokoleti mara ya kwanza na kushangaa. Mimi sizipendi. Babu anaijua chokoleti, ameila, na maoni yake ni kwamba ina sukari nyingi kupita kiasi. Alichokuwa hajaonja ni kokoa yake mwenyewe, ya shamba lake, isiyochanganywa na ya mtu mwingine. Wiki iliyopita tulikaa naye jikoni Matema, tukakaanga kilo moja, tukamenya kwa mkono, tukasaga kwenye mashine ndogo niliyokuja nayo. Alionja, akanyamaza, akasema ile ya upande wa mtoni itakuwa na ladha nyingine, kesho tujaribu. Tukajaribu. Ilikuwa na ladha nyingine. Mtu amelima miaka yote hiyo bila kuwa na kifaa cha kujua hilo, na kifaa chenyewe kinaingia kwenye begi la mkononi. Kibanda kikijengwa, naomba kona moja ya kuonjea iwepo, na meza, na mashine kama ile.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu umekwisha na nimeona unaangalia saa. Pale mlangoni, kwa akina mama wanaopokea ahadi, kuna sinia zenye vikombe vidogo vitatu vitatu. Zote ni kokoa ya Kyela, nimezisaga mwenyewe bila sukari. Viwili vimetoka kwenye sanduku na kichanja, kimoja kimetoka kwenye kokoa iliyokaushwa jikoni wakati wa mvua. Namba ziko chini ya vikombe. Onjeni kwanza, mchague kipi si mwenzao, ndipo mwandike kiasi.